Taaka, Ile Mbao Imetoka Ukutani

Burumba, jioni

Taaka mwanangu,

Sikuulizi kama u mzima, maana sasa hivi tu umetoka hapa mlangoni na sahani ya kukhu, bibi yako, na vile ulivyokuwa unatembea, wewe ni mzima kabisa. Umeenda kumuaga. Kukhu hatakuachilia haraka. Atakutemea mate ya baraka kwa kichwa, atakuuliza tena hiyo Embu iko upande gani, halafu ataanza hadithi. Kwa hivyo nina nafasi. Maharagwe yako jikoni, moto ni mdogo. Mimi nimekaa kwa kiti cha wateja, chini ya draya, naandika juu ya magoti.

Mwandiko wangu unaujua. Mimi shule niliachia darasa la nane, na tangu hapo vitu nimeandika sana ni majina ya watu wanaongoja kusukwa. Ukiona nimekosea usicheke. Ama cheka, lakini uchekee kwa basi, watu wajue una barua nzuri.

Mambo ya sanduku, ya sweta ya baridi, ya kutoazimana taulo na watu, hayo nimesema mpaka ukaziba masikio. Sirudii. Nataka kukuambia habari ya ile mbao ya stima. Mengine uliyaona kwa macho yako, mengine ulikuwa umetumwa ama uko Malaba. Ulisema hutaenda chuo ukiniacha peke yangu ndani ya nyumba yenye ile mbao. Sawa, imetoka. Lakini jana nilikuona umesimama pale ukutani ilipokuwa, unaangalia simiti mpya, halafu ukaniangalia mimi. Nikajua mguu mmoja umeshapanda basi na mwingine bado uko hapa kwa saluni. Huo mguu wa hapa ndio ninauandikia.

Nilipoletwa hii nyumba nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe tayari ulikuwa tumboni. Kwetu Adungosi tulikuwa tunawasha koroboi. Hapa nikakuta nyumba ya matofali, na kwa ukuta wa sebuleni mbao nyeusi ya mvule, juu yake swichi kubwa yenye mkono wa chuma, na chini vile vidude vyeupe vya udongo, vya fyuzi. Kuka, babu yako, ndiye aliyeijenga, na kwa hii laini alikuwa kati ya watu wa kwanza kuvuta stima. Baba yako alikuwa kitinda mimba, na unajua kitinda mimba ndiye anarithi nyumba ya mzee. Akairithi na mbao yake. Mimi nilikuwa naiogopa. Nikitaka kuzima ile swichi nilikuwa nafunga macho na kusema jina la Yesu. Baba yako alinicheka mpaka akakaa chini.

"Mtu wa Adungosi," akasema, "hiyo ni stima, si simba."

"Kwani simba ananguruma usiku na mchana?" nikamwambia. Maana ile mbao ilikuwa na sauti, mmm, mmm, kama mtu anayetaka kuongea na amefungwa mdomo.

Tulipofungua saluni, wewe ukiwa bado unatambaa, draya ikawa inachoma fyuzi kila wakati. Mteja ameketi, rola kichwani, pap, giza. Kale kawaya ka ndani kamekatika. Unaweka kengine, kesho pap. Mama Halima wa duka la vitambaa akasema afadhali akauke kwa jua la barabarani kama omena.

Sasa baba yako wakati huo alikuwa bado anabeba watu kwa baiskeli, kuvuka mpaka na kurudi. Jioni moja akachukua waya wa breki ya baiskeli, ule uliosokotwa, akaufungua, akatoa uzi mmoja wa chuma.

"Mama Taaka, shika tochi."

Nikashika. Akaufunga ndani ya fyuzi kwa plaisi, akakaza, akarudisha kidude chake, akapandisha ule mkono. Akajipanguza.

"Hii haitakatika tena mpaka Yesu arudi," akasema.

Na haikukatika. Taaka, tulifurahi! Majirani walikuja kumwita. Laini yote hii, ukifungua fyuzi za nyumba za zamani, utakuta breki za baiskeli za baba yako. Watu wa Busia baiskeli imetulisha, tukadhani hata stima inaweza kuendeshwa nayo. Hakuna aliyeuliza ule uzi mwembamba wa kwanza ulikuwa unakatika kwa sababu gani. Tuliona kitu kinachokatika ni kibovu, kisichokatika ndicho kizuri. Nilikaa na hiyo akili miaka mingi. Hata paka wetu alipoanza kulala kwa ile rafu chini ya mbao wakati wa mvua, tulisema paka huyu ana akili, ameona mahali pa joto. Ukuta ulikuwa na joto, na tulimsifu paka.

Halafu baba yako akaumwa kichwa asubuhi akienda kazini, na jioni wakamleta amefunikwa.

Hapo wewe ulikuwa mkubwa, siwezi kukusimulia kitu usichokijua. Lakini kuna kimoja nataka ukijue. Uliniona siku ya mazishi nikiuliza sufuria kubwa imeenda wapi. Uliniona nikihesabu vikombe. Wale mawifi walisema, na walisema ukiwa karibu, ati huyu mtu wa Adungosi ana moyo wa jiwe, hata chozi. Wewe ulikuja ukasimama kando yangu, ukanishika kidole kimoja tu. Nilikuwa nakisikia hicho kidole kwa mbali, kama kinashika mtu mwingine. Umewahi kung'olewa jino? Ile sindano wanakudunga, unaongea lakini mdomo si wako. Mimi nilidungwa mwili mzima. Nikadhani itaisha tukishazika. Ikakaa. Watu wakawa wananisifu sasa, Mama Taaka ni ngumu, angalia amefungua saluni wiki hiyo hiyo. Nikakubali sifa, kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Ndiyo maana siku barua yako ya chuo ilipoingia kwa simu, ukaja unaruka, "Mama nimeitwa! Uuguzi! Nimeitwa!" mimi nilisema "sawa" na nikaendelea kuosha nywele za mteja. Niliona uso wako ukishuka. Mwanangu, nilikuwa nimefurahi. Najua nilikuwa nimefurahi kwa sababu yule mteja nilimuosha kichwa mara ya pili wakati alikuwa ameshaoshwa, mpaka akaniuliza kama ana chawa.

Basi, ile Jumamosi. Draya inanguruma, Mama Halima yuko chini yake, birika inachemka, na mimi napiga pasi kitambaa. Wewe ulikuwa unasonga ugali. Nikasikia harufu kama samaki ameungua, nikakuita, "Taaka, angalia sufuria!" Ukajibu, "Mama, si huku!" Nikageuka nikaona moshi unatoka nyuma ya mbao, mweusi, polepole. Sikuogopa. Hata hilo lilinishangaza baadaye. Nilienda tu nikashika mkono wa chuma nizime, kama mtu anayefunga dirisha.

Stima ikanirusha mpaka kwa sofa. Nilipofungua macho nikakuona wewe na ule mwiko wa ugali, ugali bado umeshika, unapiga ule mkono wa swichi kama unapiga nyoka, pa, pa, mpaka ukashuka. Mama Halima alikuwa ameshafika barabarani na rola zote na taulo begani, anapiga kelele, "Moto! Moto! Na nywele sijamaliza!" Watu wa boda walikuja na maji kwa ndoo, ukawasimamisha mlangoni: "Hakuna maji kwa stima! Mchanga! Leteni mchanga!" Sijui ulijifunzia wapi. Mimi nilikuwa nakaa pale, mkono wa kulia umekufa ganzi, na nikawa nafikiri, sasa mkono umefanana na mimi.

Ulipolia wewe, ulilia kwa ajili ya watu wawili. Halafu ukasema hayo maneno. "Mama, siendi Embu. Siwezi kukaa darasani nikisikia harufu hiyo kwa kichwa. Mpaka hii kitu itoke." Nikaona ukiwa umeshika mwiko, nikajua hutanii.

Fundi unamjua, Fundi Juma wa Malaba, yule amekulia upande wa Tororo na kila mwanamke kwake ni nyabo. Alipofika akatazama mbao, akavua kofia.

"Nyabo," akasema, "hii mbao imezaliwa kabla yangu. Inafaa kuamkiwa."

Akaeleza kazi. Watu wa kampuni watakuja kuzima huko kwa nguzo, yeye atoe mbao yote, aweke sanduku jipya lenye swichi ndogo ndogo za breka, waya zote mpya, na nondo ya shaba izamishwe chini ardhini, kwa sababu hii nyumba haikuwa na kitu cha kupeleka stima mbaya kwa udongo. Na apande juu ya mabati, maana waya ya nguzo inaingilia kwa bomba juu ya paa, na lile bomba limeoza.

Hapo kwa mabati ndipo pakawa na maneno. Siku aliyorudi na ngazi, Baba Mkubwa Barasa alifika pia, na koti lake, na hata chai hakutaka. Wewe nilikuwa nimekutuma sukari. Kwa hivyo haya hukuyasikia, na Fundi Juma niliomba asikwambie.

"Shemeji," Barasa akasema, "hii nyumba ni ya marehemu. Mwanamume wa nje hapandi paa ya marehemu kabla mtu wa ukoo hajaigusa."

"Basi iguse, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Ngazi ndiyo hiyo."

"Unajua kugusa ni nini."

Nilijua. Wewe umekua mjini lakini unajua pia. Akigusa paa amenirithi, koti lake litatundikwa nyuma ya mlango wangu, na akitoka asubuhi watu watasema sasa nyumba imefunguliwa. Barasa si mtu mbaya, Taaka. Ndiye aliyechimba kaburi na mikono yake. Alikuwa anaogopa kweli, anaogopa kitu kitapata watoto wa boma. Akaniuliza pole pole, "Sasa wewe unataka kukaa hivi mpaka lini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa kooni. Lakini mdomo ulikuwa ule wa jino. Nikamwangalia Fundi Juma, na yeye akaanza kukunja ngazi yake.

"Nyabo, stima naweza kuzima," akasema. "Maneno ya ukoo sina plaisi yake. Mkimaliza mniite."

Na hapo niliona yote vile itakuwa. Fundi anaenda, mbao inabaki, wewe unabaki kuilinda na mwiko, na Embu wanaita jina la mtu mwingine. Niliona wazi kabisa, na sikuweza kuinua hata mkono.

Aliyesema ni kukhu. Alikuwa amekaa kando ya mtungi wa maji nje ya jikoni, anachambua mboga, tukadhani hasikii.

"Barasa. Hii nyumba alijenga nani?"

"Baba, mama."

"Baba yako alizaliwa na nani?"

"Na kukhu Taaka, bibi yetu."

"Eeh. Basi mwenye nyumba ametumwa dukani sukari. Ngojeni arudi."

Fundi Juma akacheka kwanza, halafu akaona hakuna mwingine amecheka, akaziba mdomo. Barasa akasema, "Mama, huyo ni mtoto." Kukhu akamwambia, "Mtoto? Mimi miaka yote hii nampa kiti naketi chini, ulidhani ni mgongo unaniuma? Yule amebeba jina la mama mkwe wangu. Wewe mwenyewe ulipomtahadharisha mtu asimchape ulisema usinipigie kukhu. Ukukhu wake uishe leo kwa sababu ya mabati?"

Ndipo ukaingia na sukari, unatafuna chingamu. Ukaona watu wazima wamekuangalia, ukadhani chenji imekosekana. Ukaanza, "Haki walisema sukari imepanda..." Kukhu akainuka kwa mtungi, akapanguza mikono, akainamisha kichwa kwako, kweli kweli, si mchezo.

"Mama mkwe," akakuambia, "watoto wako wanagombana. Panda uguse paa lako, watu wafanye kazi."

Wewe ukacheka, ukapanda, ukapiga mabati kofi mbili kama mtu anapiga ng'ombe mgongo, ukasema, "Haya, nimegusa, kuna soda?" Hukujua umefanya nini. Ulikuwa unadhani ni mzaha wa kukhu na wewe. Nilikuwa nakutazama kutoka chini, jua liko nyuma yako, na sikuona uso. Taaka, ulinitoa kwa shimo ambalo hata hukuliona. Barasa akatingisha kichwa, halafu akavua koti, akashika ngazi chini ili Fundi asianguke. Koti akalitundika kwa kamba ya nguo, nje. Na jioni alienda nalo.

Usimchukie. Ukirudi likizo, mletee hata kalamu ya huko. Anakuogopa kidogo sasa, na anapenda kuwa na mtu wa kuogopa.

Ile kazi ya ndani uliona. Waya za zamani zilipotolewa zile nguo zilizozungushiwa zikamwagika kama maganda ya njugu, na nyuma ya mbao ukuta ulikuwa mweusi umbo la mbao, kama imeacha kivuli. Fundi Juma alifungua ile fyuzi, akatoa uzi wa chuma, akauinua kwa mwanga.

"Haiya. Nani aliweka breki?"

Wewe ulikuwa unasoma maandishi kwa sanduku jipya. Mimi nikasema, "Mwenye nyumba."

"Basi alikuwa na plaisi nzuri," akasema. "Amefunga vizuri sana. Ila ilikuwa inabeba mzigo wote na haisemi. Ukuta ndio ulikuwa unalia." Akaniwekea ule uzi mkononi, akaendelea na kazi. Nilikuwa nimengoja siku nyingi kitu cha baba yako kinishtue, shati, kiatu, chochote. Niliukunja mkono na kuukunjua. Sikusikia kitu. Nimeuweka kwa kopo la pini za nywele. Uko hapo.

Halafu ukaandika majina ya zile breka kwa mwandiko wako mzuri. Taa. Soketi. Saluni. Jikoni. Ile kubwa Fundi alisema ni ya kuokoa mtu, akiguswa na stima inazima kabla hajajua jina lake, ukaandika "Mama." Na ile nafasi iliyobaki tupu, Fundi akasema ni ya kitu mtakachoongeza mbele, ukaandika "Baadaye." Nimeisoma hiyo kila asubuhi. Sijui ni kitu gani kitaingia hapo. Napenda tu kwamba kuna nafasi.

Sasa nikwambie ya juzi, ulipokuwa Malaba kununua blanketi. Nilikuwa na mteja kwa draya, birika kwa soketi ile ile, na nikachomeka pasi, vile nilivyozoea. Tak. Kimya. Draya ikasimama. Moyo wangu ukasema, ona sasa, tumeharibu nyumba ya watu bure. Mama Halima alikuwa mlangoni, akasema, "Huyu mume mpya anakasirika haraka!" Nikampigia Fundi Juma, nikamkaripia, nikamwambia ameniwekea kitu kibovu, hakina hata mwezi.

"Imezima?" akauliza.

"Imezima!"

"Alhamdulillahi. Nyabo, haijaharibika. Imebebeshwa, imekataa. Hiyo ndiyo kazi yake. Toa pasi, halafu inua tena."

"Inua tu?"

"Inua tu. Haina kinyongo."

Nikatoa pasi. Nikafungua kile kifuniko cheupe, nikaona ile iliyoandikwa Saluni imelala chini, wenzake wote wamesimama. Nikaishika na huu mkono wa kulia, ule wa ganzi. Ni ngumu kidogo ile breka, inasukuma nyuma kabla haijakubali. Nilisikia ikinisukuma, Taaka, kwa ncha ya kidole cha shahada, kama mtoto akigeuka tumboni. Draya ikaanza kunguruma. Mteja akasema, "Mbona umesimama hapo?" Nikamwambia nasoma.

Nilikaa nayo siku nzima hiyo. Si kwamba nimekuwa mtu wa kuhubiri, unajua hata kanisani nasinzia. Lakini niliona. Mimi tangu baba yako aende nilijifungia waya wa breki ndani. Nikabeba saluni, nikabeba ukoo, nikabeba wewe, sikukatika hata mara moja, na watu wakanipigia makofi. Na joto lilikuwa linaenda wapi? Lilikuwa linaenda kwako. Wewe ndiwe ulikuwa ukuta. Ndiyo maana ulikuwa unaamka kuangalia kama nimelala. Ndiyo maana ulitaka kuacha chuo. Nilidhani nakuonyesha vile mtu anakaa imara, na kumbe nilikuwa nakuunguza pole pole, na nikimsifu paka.

Kwa hivyo huko, mwanangu, sitaki uwe ngumu. Watakuambia wauguzi hawalii. Utaona watu wakifa mbele yako, utashika mikono ya watu ambao hawatakumbuka jina lako. Ikikulemea, zima. Toka nje, kaa kwa ngazi, lia, kataa zamu ya mtu, nipigie hata kama huna la kusema, tutanyamaza wote kwa simu. Halafu toa kitu kimoja, uinuke tena. Usiruhusu mtu akufunge uzi ambao haukatiki, hata akiwa anakupenda. Baba yako alitupenda. Mimi nakupenda. Sijui kulisema hilo vizuri kuliko hivi.

Na mimi nitakuwa sawa. Si ile sawa ya kuosha mteja mara mbili. Mama Halima amesema Jumapili jioni atakuwa anakuja, tunywe chai, anitukane. Kukhu yuko pale. Paka amehama, amekasirika, ukuta umepoa. Sasa analala kwa kitanda chako, nimeshindwa kumfukuza. Nimeanza kufikiria hata kibanda cha pili, cha kunyoa wanaume, kile chumba cha mbele cha kuka. Fundi anasema sanduku litabeba. Ona, nimeanza kupanga vitu.

Lakini machozi bado. Sitaki kukudanganya. Niliyangoja juzi, niliyangoja leo nikikunja nguo zako, chai ikapoa. Hayajaja. Kwa hivyo kesho asubuhi kwa basi sijui nitakuwa mtu gani. Pengine nitasimama tu kama posti, niulize kama umebeba maji. Ukiona hivyo usiseme mama amefurahi naondoka. Nishike kidole, kimoja tu kama ile siku. Safari hii nitakisikia, nadhani.

Ama pengine itakatika. Pengine basi likianza kurudi nyuma, nitakatika hapo hapo mbele ya makanga na wabadilishaji pesa, nikae chini kwa vumbi na kelele zote za miaka hiyo. Mama Halima atakuwa kando yangu, nimeshamwambia anishike. Usiogope, sitakuwa nimeharibika.

Nasikia lango. Unaongea na paka.

Taaka, ukiniona nimekaa chini, usishuke.

Mama yako